Gurudumu la Mashindano na Gurudumu la Kazi: Namna ya Kuchagua

Mada iliyotolewa mbele ya watumiaji wa baiskeli wa Kisondela, Wilaya ya Rungwe

Tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukiona kila siku bila kukichunguza, nacho ni gurudumu la baiskeli.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkanya mvivu anayetafuta kisingizio. Haimkatazi mnunuzi kuuliza. Mkulima mwenyewe, anapoingia dukani, hulipima jembe kwa mkono, huligonga na kuusikiliza mlio wake. Gurudumu linastahili uangalifu mkubwa zaidi. Jembe likivunjika, kazi husimama. Gurudumu likivunjika katikati ya mteremko, aliye juu yake huanguka pamoja na mzigo wake.

Swali ninaloletewa hutoka kwa wanunuzi wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayebeba ndizi, maziwa, viazi au mfuko wa mbolea, na ambaye baiskeli ndiyo mshahara wake. Wa pili ni kijana apendaye mashindano, aliyeona magurudumu mepesi yenye rimu ndefu nyeusi, akatamani kuyafunga kwenye baiskeli yake. Wote wawili huuliza: gurudumu lipi ni bora? Jibu ni kwamba halipo gurudumu lililo bora kwa kila mtu. Lipo gurudumu linalolingana na mambo manne: mzigo utakaobebwa, barabara itakayopitwa, breki zilizopo, na fundi aliye karibu. Anayeyapima manne hayo kabla ya kutoa fedha hatajuta. Anayeanza na mng'ao wa rangi huenda akajuta mapema.

Jinsi gurudumu linavyobeba mzigo

Tuanze na viungo vyake. Katikati kuna habu, ambayo ndani yake mna ekseli na gololi zilizopakwa grisi. Ukingoni kuna rimu, ambayo wengine huiita ringi. Kati ya habu na rimu kuna spoku, na kila spoku imekazwa kwenye rimu kwa kichwa kidogo kiitwacho nipo. Juu ya rimu hukaa tyubu na tairi.

Watu wengi hudhani kwamba spoku hubeba mzigo kama nguzo zinavyobeba paa. Sivyo. Spoku ni waya mwembamba. Ukiusukuma kwenye ncha zake, hupinda mara moja. Nguvu yake imo katika kuvutwa. Fundi anapojenga gurudumu, hukaza kila spoku mpaka rimu nzima ivutwe kuelekea kwenye habu kutoka pande zote kwa usawa. Mzigo unapowekwa, spoku zilizo chini, karibu na ardhi, hupungukiwa na mkazo kidogo. Gurudumu linapozunguka, kila spoku hupata zamu yake ya kupungukiwa na mkazo, kisha kukazika tena. Gurudumu la baiskeli ya kawaida ya inchi 28 huzunguka zaidi ya mara 400 katika kila kilomita. Hesabuni wenyewe zamu hizo kwa safari ya kwenda sokoni na kurudi.

Spoku iliyokazwa vizuri huvumilia zamu hizo kwa miaka. Iliyolegea hulegea kabisa zamu yake inapofika, kisha huvutwa kwa ghafla, na chuma kinachotendewa hivyo mara nyingi huchoka, kama waya tunaoukata kwa kuupindapinda mkononi. Ndiyo maana spoku nyingi hukatikia penye kona yake, pale inapoingia kwenye habu. Moja ikikatika, jirani zake hubebeshwa kazi yake, nazo huanza kukatika. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba spoku zake hukatika kila mara, hata baada ya kuwekewa mpya, aelewe kwamba huenda kasoro haimo katika zile spoku mpya, bali katika mkazo usio sawa wa gurudumu zima.

Idadi ya spoku nayo ina maana yake. Baiskeli za kazi za mtindo wa zamani, ambazo bado tunazo vijijini, hutengenezwa kwa spoku 32 mbele na 40 nyuma. Waliopanga hivyo walijua kwamba gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito, hasa mzigo ukiwa kwenye karia. Gurudumu la mashindano laweza kuwa na spoku 24, 20 au hata pungufu. Si kwamba ni kasoro. Limetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja asiye na mzigo, katika barabara ya lami.

Gari lililo nyuma ya mshindani

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio kuu za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5 katika vilima vinavyofanana na hivi vyetu, na mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Mwaka uliotangulia, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuitwaa jezi ya kijani. Habari hizi zimewatia moyo vijana wengi wa Afrika Mashariki, na ni vizuri zilivyofanya hivyo. Hatari huanza pale mnunuzi anapoona gurudumu la bingwa, asione kilicho nyuma yake.

Nyuma ya mshindani wa kiwango hicho kuna gari la timu lenye magurudumu ya akiba. Likiharibika moja, hubadilishwa pale pale barabarani. Jioni kuna fundi anayekagua kila spoku na kila gololi. Baada ya msimu, magurudumu hayo huweza kubadilishwa yote. Mtu wa Kisondela anayetoka nyumbani alfajiri na ndoo ya maziwa hana gari nyuma yake. Ana pampu, kiraka, na fundi aliye chini ya mti kwenye njia panda. Gurudumu lake linapaswa kuchaguliwa kwa kuzingatia hali hiyo.

Tuziangalie sasa sifa mbili zinazotajwa sana na wauzaji wa magurudumu ya mashindano, yaani kukata upepo na wepesi.

Rimu ndefu, yenye kina kirefu kutoka tairi kuelekea habu, husaidia kweli kukata upepo. Lakini upepo unaompinga mpandaji huongezeka kwa kasi mraba: anayekwenda kilomita 45 kwa saa hupingwa na upepo kwa nguvu mara 9 ya anayekwenda kilomita 15 kwa saa. Kwa mshindani anayekwenda mwendo huo, faida ipo. Kwa anayepanda mlima na mkungu wa ndizi kwa mwendo wa kutembea, faida hiyo haipo kabisa. Zaidi ya hayo, rimu ndefu hushikwa na upepo wa ubavuni, na usukani hutikisika katika maeneo ya wazi na malori yanapopita.

Wepesi nao tuupime kwa hesabu. Tuseme mpandaji, baiskeli na nguo zake vina jumla ya kilo 85. Akinunua magurudumu yaliyo mepesi kwa nusu kilo, amepunguza pungufu ya asilimia 1 ya uzito anaoupandisha mlimani. Ni kweli kwamba uzito ulioko ukingoni mwa gurudumu husikika zaidi wakati wa kuongeza kasi ghafla, na mshindani anaweza kuuhitaji wepesi huo katika mita za mwisho. Lakini mwanafunzi anayekwenda shule hataona tofauti, isipokuwa katika fedha aliyolipa mzazi wake.

Tena watengenezaji wengi wa magurudumu mepesi huweka kikomo cha uzito, ambacho mara nyingi huwa karibu na kilo 120 kwa mpandaji, baiskeli na mzigo kwa pamoja. Mtu wa kilo 65, juu ya baiskeli ya kilo 20, akiwa na gunia la kilo 60, amefikia kilo 145. Amevuka kikomo kabla hajatoka uani. Kabla ya kununua, ulizeni kikomo hicho, na muuzaji asiyeweza kukionyesha kwa maandishi asiaminiwe kwa maneno matupu.

Ushauri kwa kijana wa mashindano

Kwa kijana mwenye nia ya kushindana, sisemi asinunue. Nasema aanze panapostahili. Fedha ya kwanza iende kwenye matairi mazuri na kwenye kazi ya fundi ya kunyoosha na kukaza magurudumu aliyonayo. Fedha ya pili iende kwenye gurudumu la rimu ya alumini lenye spoku 28 hadi 32 za aina inayopatikana katika maduka ya Tukuyu au Mbeya. Gurudumu hilo litamfaa katika mazoezi na katika mbio nyingi za ngazi ya wilaya na mkoa, na spoku ikikatika Jumamosi, Jumapili bado atakuwa mbioni.

Upana wa tairi pia umebadilika. Zamani washindani walitumia tairi la milimita 23 lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. Siku hizi washindani wengi wakubwa hutumia milimita 28 au zaidi, kwa sababu imeonekana kwamba tairi pana kidogo, lenye upepo wa kadiri, hupita juu ya mikwaruzo ya barabara bila kurushwarushwa, na hivyo halipotezi nguvu ya mpandaji. Kwa barabara zetu, ambapo lami huishia kwenye changarawe na mawe, hoja hiyo ina uzito maradufu.

Mwenye baiskeli moja inayofanya kazi zote mbili anaweza, uwezo ukiruhusu, kuwa na jozi mbili za magurudumu: moja ya kazi na moja ya mbio. Ahakikishe kwamba jozi zote mbili zina kipenyo kimoja cha rimu, upana wa rimu unaokaribiana, na habu zenye upana mmoja, ili breki na mnyororo visihitaji kurekebishwa upya kila anapobadilisha. Upana wa habu ya nyuma hutofautiana: baiskeli nyingi za mashindano zenye breki za rimu hutumia milimita 130, nyingi za milimani milimita 135, na nyingi za kisasa zenye breki za diski milimita 142. Habu isiyolingana na fremu isilazimishwe kwa nyundo wala kwa kupanua fremu.

Mvua, miteremko na breki

Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini mwetu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Na anayetoka Tukuyu kuteremka Kyela, mwendo wa takriban kilomita 50, hushuka karibu mita 1,000 kuelekea usawa wa Ziwa Nyasa. Mvua na mteremko vikikutana, rimu huacha kuwa pambo. Inakuwa sehemu ya breki, kwa maana raba za breki hubana juu yake.

Rimu ya chuma iliyopakwa kromu hung'aa na haishiki kutu upesi, lakini ikilowa huteleza. Umbali wa kusimama huongezeka mara kadhaa kuliko ikiwa kavu. Rimu ya alumini hushikwa na raba vizuri zaidi katika mvua, na ni nyepesi. Kwa hiyo, kwa anayetumia breki za rimu katika wilaya hii, alumini ni chaguo la usalama, hata kama bei yake ni kubwa kidogo. Jambo moja tu la kuzingatia: baiskeli za zamani zenye breki za fimbo hubana rimu kutoka upande wa ndani, unaoelekea habu, na rimu zake zina umbo lake maalumu. Rimu yenye ubavu bapa, iliyotengenezwa kwa breki za waya, haitafaa hapo. Nendeni dukani na rimu ya zamani mkononi, msitegemee kumbukumbu.

Rimu ya kaboni yahitaji tahadhari kubwa zaidi. Kaboni haipitishi joto kama alumini. Katika mteremko mrefu, raba zinapobana kwa muda, joto hukusanyika mahali pamoja, na gundi inayoshikamanisha nyuzi za kaboni yaweza kulainika hadi ukingo wa rimu ukatanuka au tairi likapasuka. Hii ni sababu moja ya baiskeli nyingi za mashindano kuhamia kwenye breki za diski, ambazo hazigusi rimu. Gurudumu la kaboni la breki za rimu, lililotumika, lisilojulikana historia yake, si la kununuliwa na mtu anayeteremka milima hii.

Hata alumini hupata joto. Anayeteremka na mzigo asibane breki kwa kuendelea kuanzia juu hadi chini. Abane kwa nguvu, apunguze mwendo, aachie rimu ipoe kidogo, kisha arudie. Na atumie breki zote mbili. Wakati wa mvua, abane polepole kabla ya kufika kwenye kona, ili raba zifute maji mapema. Mteremko ukiwa mkali na mzigo mzito, kushuka na kusukuma baiskeli ni busara, si aibu.

Soma namba ubavuni mwa tairi

Sasa tufike mahali ambapo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Mtu huingia dukani na kusema, "Nipe tairi la ishirini na nane." Muuzaji humpa tairi lenye namba 28. Akifika nyumbani, tairi halivai, au linavaa na kuchomoka. Hakuna aliyedanganya. Neno lenyewe ndilo lisilotosha.

Namba 28 huitambulisha rimu ya baiskeli ya kazi, ambayo kipenyo chake mahali tairi linapokaa ni milimita 635. Namba hiyo hiyo hutumika pia kwa rimu ya baiskeli za barabarani na za mashindano, ambayo kipenyo chake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13. Tairi la 622 halitavaa kwenye rimu ya 635 hata ukitumia vyuma. Tairi la 635 litavaa kwa urahisi kwenye rimu ya 622, na huo urahisi ndio hatari yake, kwani likijazwa upepo laweza kuchomoka wakati wa safari.

Ya 26 nayo ni hivyo hivyo. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 ni la rimu ya milimita 590. Tairi lililoandikwa 26 x 1.75 au 26 x 2.1 ni la rimu ya milimita 559, ile ya baiskeli za milimani. Kwa jumla, upana ulioandikwa kwa sehemu, kama robo au nusu, na ule ulioandikwa kwa nukta havibadilishani, hata pale hesabu za shuleni zinaposema kwamba ni kiasi kilekile.

Dawa yake ipo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5775 kimeweka namba mbili zenye kistari katikati, nazo huchapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635, 28-622 au 47-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, yenye tarakimu tatu, ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa. Tairi na rimu vikilingana katika namba hii ya pili, vitavaana. Angalieni kwamba katika 28-622, hiyo 28 ni upana wa milimita na wala si inchi. Andikeni namba yenu kwenye karatasi, au ndani ya kifuniko cha daftari la mtoto, na kila mwendapo dukani itajeni hiyo.

Ubavuni huohuo pameandikwa kiasi cha upepo kinachoruhusiwa. Upepo ukipungua sana, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutobolewa matundu mawili yaliyo sambamba. Ukizidi, tairi huruka juu ya kila kokoto na laweza kupasuka. Mwenye mzigo ajaze karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa, bila kukivuka. Asiye na mzigo apunguze kidogo.

Kagua kwa mikono kabla ya kulipa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, siku hizi kibaya nacho hupakwa rangi kikajiuza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fanyeni ukaguzi ufuatao. Hauhitaji kifaa chochote, na muuzaji mwaminifu hataukataa.

Kwanza, shikeni ekseli kwa mikono miwili na kulizungusha gurudumu. Wekeni kidole au kipande cha kijiti karibu na rimu. Rimu ikiyumba kushoto na kulia, au ikipanda na kushuka, haijanyooshwa.

Pili, bonyezeni spoku mbili mbili kwa vidole, mkizunguka gurudumu lote. Zote za upande mmoja ziwe na ukakamavu unaokaribiana. Mnaweza pia kuzigonga kwa kucha: zitoe mlio mmoja. Inayotoa sauti nzito na iliyokufa imelegea. Katika gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia, ni kawaida spoku za upande wa gia kuwa ngumu kuliko za upande wa pili.

Tatu, shikeni rimu na kuitikisa kuelekea pembeni. Ikigongagonga, gololi zimelegea au zimekwisha. Izungusheni ekseli kwa vidole: iende laini, bila kukwaruza wala kukwama.

Nne, kwa gurudumu la mtumba, pitisheni kidole kwenye ubavu wa rimu pale raba za breki zinapobana. Pakiwa pamebonyea kama kijiko, rimu imeliwa na inakaribia kupasuka. Tazameni pia matundu ya nipo: nyufa ndogo zinazoanzia hapo ni ishara kwamba rimu imechoka.

Tano, hesabuni spoku, na muulize kama spoku na gololi za aina hiyo zipo madukani. Gurudumu lisilo na vipuri ni mapambo yanayosubiri siku yake.

Kuhusu bei, pigeni hesabu ya muda. Nitatoa mfano wa kukokotolea tu: rimu ya shilingi 15,000 inayodumu miezi 6 humgharimu mtu shilingi 60,000 kwa miaka 2, bila kuhesabu malipo ya fundi na siku alizoshindwa kupeleka maziwa. Rimu ya shilingi 35,000 inayodumu miaka hiyo 2 ndiyo iliyo rahisi.

Haki zako na wajibu wako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au asili ya bidhaa. Muuzaji anayesema kwamba rimu ni ya alumini ilhali ni chuma kilichopakwa rangi, au anayeuza bidhaa yenye nembo ya kughushi, anavunja sheria. Bidhaa bandia zinasimamiwa pia na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Yanayohusu ubora na usalama wa bidhaa hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania.

Haki hiyo haina miguu bila ushahidi. Daini risiti, na ombeni iandikwe kilichonunuliwa kwa ukamilifu: "rimu ya alumini, 622, matundu 36", si "vifaa vya baiskeli" peke yake. Mwambieni muuzaji kazi ya gurudumu: "Nitabeba kilo 60 za ndizi." Mkishamweleza kazi hiyo na mkategemea ushauri wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Na mkiona maandishi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, msikate tamaa. Maandishi hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro.

Wajibu wa mnunuzi nao upo. Aliyenunua gurudumu la mashindano akalipakia magunia mawili hana wa kumlaumu. Gurudumu jipya lirudishwe kwa fundi baada ya wiki chache za kwanza likazwe upya, maana spoku mpya hujipanga na kulegea kidogo. Na ikikatika moja, msisubiri ya pili.

Ndugu zangu, nimesema mengi, lakini mtakaporudi nyumbani chukueni machache. Pimeni mzigo, barabara, breki na fundi. Someni namba yenye tarakimu tatu. Kagueni kwa mikono. Chukueni risiti. Kijana wa mbio na mama wa maziwa watatoka dukani na magurudumu tofauti, na kila mmoja atakuwa amechagua vyema, mradi gurudumu lake litamfikisha aendako na kumrudisha salama kwa wanaomngoja.

Mafundi waliopo hapa wamekubali kubaki nasi, na aliyekuja na baiskeli yake ailete mbele tuisome namba yake pamoja.